Saa Moja Kabla

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye njiani atafute pa kuketi. Leo tunamkumbuka muuguzi. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, thieta kama wanavyoiita wenyewe, na alifanya kazi humo miaka thelathini na mmoja bila mtu kumwita kwa jina lake. Madaktari walimwita Sitini. Wafagizi walimwita Sitini. Mume wake mwenyewe, fundi wa kupaka rangi, alimwita Sitini, naye aliitika.

Sitini ni dakika. Dakika sitini. Kaeni na neno hilo, maana mambo yote ya leo yamo ndani yake.

Alistaafu siku aliyotimiza miaka sitini, na wenzake wakacheka mpaka keki ikataka kuanguka. Amefariki akiwa na miaka sitini na mitatu. Ameacha mume na binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Mengi mtakayosikia leo yametoka kwa huyo mume, huyo fundi rangi. Alikubali kuzungumza nasi kwa sharti moja. "Msinipambe," alisema. "Nimeishi kwa kupamba kuta za watu. Mimi mniache nilivyo."

Basi tuanzie mlangoni, kwa sababu walikutana mlangoni.

Fundi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hospitali ilimwita aandike maneno kwenye mlango wa thieta: HAKUNA KUINGIA. Herufi nyekundu juu ya mlango mweupe. Alikuwa amemaliza neno la kwanza, anachanganya rangi ya neno la pili, muuguzi mmoja mwembamba akatoka ndani na barakoa shingoni. Akasoma. Akamtazama fundi juu mpaka chini.

"Hakuna nini?"

"Hakuna kuingia, Sista. Bado naandika."

"Basi fanya hima. Watu watadhani hakuna madaktari."

Halafu akapitisha kidole kwenye mbao na kumuuliza kama ameuosha mlango kabla ya kuupaka, au amefunika uchafu tu. Fundi akajiona ametukanwa. Akamwambia ameusugua kwa msasa, ameuosha, ameuacha ukauke, kisha ameupaka rangi ya msingi. "Rangi haishiki kwenye uchafu, Sista. Kazi yote iko kabla. Kupaka ni mwisho tu."

Fundi anasema hapo ndipo alipopendwa, wala si kwa sababu ya sura. Sitini naye alikuwa akiwaambia watu hivyohivyo, bila kuficha. "Sura niliisamehe," alikuwa akisema. "Lakini alijua maana ya kabla."

Wasikilizaji wapendwa, hilo neno kabla ndilo lililokuwa kazi yake. Mtu anapopasuliwa, ngozi yake inafunguliwa, na ngozi ndiyo mlango wetu. Vijidudu huingia hapo. Ndiyo maana wagonjwa wa upasuaji wa aina nyingi, hasa wa utumbo, huchomwa sindano ya antibiotiki kabla ya kisu kugusa mwili. Si baada. Kabla. Dawa inatakiwa iwe tayari ndani ya damu na nyama wakati ngozi inapofunguliwa. Ukichelewa, mgeni usiyemwalika ameshavua viatu na kukaa. Na ukiichoma mapema mno, mwili unakuwa umeshaimaliza, kisu kinafika dawa haipo. Hapo thieta kwao sheria ilikuwa moja: ndani ya dakika sitini kabla ya kukata.

Dakika sitini. Si saa moja. Ole wako umwambie Sitini "saa moja".

Hiyo chuki yake na neno "saa moja" ilikuwa na chanzo. Alipokuwa mgeni kazini, kabla hata hajakutana na fundi, alikabidhiwa karatasi ya seremala mmoja aliyekuwa anapasuliwa utumbo. Karatasi ilisema: sindano ya antibiotiki, saa moja kabla ya upasuaji. Daktari aliyeandika alimaanisha muda, yaani lisaa limoja kabla. Yeye akasoma saa ya ukutani. Saa moja asubuhi, jua limetoka, akamchoma yule seremala, akaweka alama ya vema, akajiona hodari. Seremala aliingia thieta saa sita mchana. Hesabuni wenyewe. Ni saa tano nzima.

Kidonda kilioza. Seremala alilala wodini wiki saba. Alipona, ila hakuweza tena kubeba mbao, na kila alipokutana na Sitini alimsalimia kwa heshima na kumshukuru. Sitini akaona hawezi kuvumilia. Siku moja akamweleza kila kitu. Seremala akasema, "Mungu amependa, Sista."

Sitini akawaka. "Usimsingizie Mungu. Ni mimi na saa."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kutamka "saa moja" ndani ya thieta ile. Ukisema saa moja, anakuuliza, saa moja ya ukutani au saa moja ya kuhesabu? Mgonjwa akishalala juu ya meza, kabla daktari hajanyoosha mkono, yeye alisimama miguuni pake na kuuliza kwa sauti: "Sindano imeingia dakika ngapi zilizopita?" Hataki kusikia "tayari". Anataka namba. Madaktari wakubwa walimkasirikia, wengine walimwita gereza. Wote walijibu.

Nyumbani nako hali ilikuwa hiyohiyo. Chai imeiva tangu dakika ngapi? Maharage yameloekwa tangu dakika ngapi? Fundi akitoka asubuhi na ndoo zake, lazima asimame aulizwe: funguo? kofia? dawa ya presha? Mdogo wake fundi alikuwa akimtania, "Shemeji, wewe hukuolewa, uliwekwa kama kengele." Naye Sitini hakosi jibu: "Na wewe shemeji ndiwe mwanafunzi wa kuchelewa."

Basi miaka ikaenda. Akastaafu. Thieta ikabaki na mabinti aliowafundisha yeye mwenyewe, mmoja mmoja.

Mwaka huu, Sitini akaanza kuumwa tumbo. Akapungua. Vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye utumbo mpana. Daktari wa upasuaji, mtu waliyefanya kazi pamoja miaka tisa, akamwambia uvimbe bado ni mdogo na unaweza kutolewa. Sitini akauliza maswali yake, akaridhika, akafunga mkoba. Alitaka apasuliwe palepale kwake. "Kwingine nitawasumbua," alisema. "Hapa wameshanizoea."

Wasikilizaji wapendwa, nitakwenda polepole hapa, maana kila saa ina maana yake.

Saa moja kamili asubuhi. Muuguzi wa wodi anafika na sindano. Sitini anatazama saa ya ukutani, kisha anamtazama muuguzi.

"Naingia saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, Mama. Wewe ni wa kwanza leo."

"Nusu saa. Sawa. Choma."

Dawa ikaingia kwenye mshipa. Muuguzi wa wodi akaandika kwenye karatasi: Amepewa antibiotiki saa moja kabla ya upasuaji. Akaweka alama ya vema. Aliandika kweli tupu. Ilikuwa saa moja. Ilikuwa kabla ya upasuaji.

Saa moja na robo, akaletwa mama mjamzito aliyekwama kujifungua. Thieta iliyokuwa ikifanya kazi siku hiyo ilikuwa moja. Sitini hakungoja kuombwa. "Mtangulizeni," alisema. "Wao ni wawili, mimi ni mmoja." Mama yule akajifungua salama, na tunaambiwa mtoto ni wa kike. Kisha vyombo vikahitaji kuchemshwa upya. Kisha akaletwa mwashi aliyeanguka kutoka ghorofani, damu zinamtoka, naye akatangulizwa. Ikawa saa nne. Ikawa saa sita. Maumivu yakamzidi Sitini, wakampa dawa ya kutuliza, akawa anasinzia na kuamka, anasinzia na kuamka.

Fundi alikuwa kwenye benchi la korido. Kwa miaka thelathini na zaidi alikuwa amesikia habari ya dakika sitini akila, akioga, akivaa viatu. Alijua. Alitazama saa ya korido na alijua dawa ya asubuhi imekwisha nguvu. Akajiambia, watampa nyingine. Hao ni watu wake, hawawezi kukosa. Mara moja aliondoka kwenda kununua maji ya kunywa, akakawia kwenye foleni, akarudi. Ikawa saa saba mchana. Wakaja na kitanda cha magurudumu.

Mlangoni, chini ya zile herufi nyekundu, Sitini akafumbua macho. Ulimi mzito.

"Fundi," alisema. "Sitini."

Msukuma kitanda akacheka kwa upendo. "Mama anajitambulisha! Tunakujua, Mama Sitini, tunakujua."

Fundi hakucheka. Alielewa. Akamsogelea muuguzi kijana aliyeshika karatasi, mmoja wa wale mabinti aliowafundisha Sitini.

"Mwanangu, ile sindano. Si muda wake umepita?"

Binti akafungua karatasi na kumsomea, tena kwa adabu, kidole kikifuata maneno. "Hii hapa, Baba. Amepewa antibiotiki saa moja kabla ya upasuaji. Na vema imewekwa. Saa moja kabla." Akatabasamu. "Huyu ndiye aliyetufundisha sisi. Tutamsahau vipi yeye?"

Saa moja kabla. Fundi akasita. Labda walimchoma nyingine wakati yuko kwenye foleni ya maji. Karatasi inasema. Tena yeye ni nani? Yeye ni mtu wa brashi na ndoo. Akasema, "Haya, mwanangu. Kazi njema." Mlango ukafungwa.

Na ndani, wasikilizaji wapendwa, hakuna aliyesimama miguuni pa mgonjwa na kuuliza dakika ngapi. Yule muuguzi kijana ametueleza hilo mwenyewe, analia, na ametupa ruhusa tulitangaze. Walipomaliza kumlaza mezani, kila mtu akamtazama mwenzake. Kumuuliza Sitini swali la Sitini waliona ni kama utovu wa adabu, kama kumkagua mama yako kama amenawa mikono. Mtu mmoja akasema, "Sindano tayari." Wote wakatikisa kichwa. Mganga hajigangi, wahenga walisema. Basi na waganga aliowafunza yeye walimwonea aibu.

Huku nje fundi alikuwa amekaa kwenye benchi, maneno ya ile karatasi yanamzunguka kichwani. Saa moja kabla. Saa moja. Akakumbuka seremala. Akakumbuka asubuhi, sindano, saa ya ukutani. Saa moja ya ukutani! Akainuka, akaufikia mlango, akainua mkono abishe hodi.

HAKUNA KUINGIA. Mwandiko wake mwenyewe. Herufi N ya pili bado ina kimkia kilichobaki brashi ilipomponyoka siku ile akitaniwa na Sitini.

Hakubisha. Alisimama mkono uko juu, kisha ukashuka. Aliwaza, nikiwashtua kisu kiko ndani ya mke wangu itakuwaje? Aliwaza, labda wameshaanza. Aliwaza, labda hawajaanza. Akasimama hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Alitusimulia haya akitazama kucha zake, zina rangi ya kijani ya ukuta wa mtu. "Nilijua," alisema. "Nilijua nikanyamaza. Andikeni hivyo." Nasi tumeandika hivyo, ingawa tulitamani sana kumtafutia neno lingine.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Uvimbe ulitoka wote. Siku ya pili Sitini alikunywa uji na kumsema mfagizi kwa kuacha ndoo njiani. Fundi akapumua. Siku ya tano kidonda kikawa chekundu na homa ikapanda. Binti yao, yule mwalimu, anasema mama yake aligundua kabla ya madaktari. "Aliinua shuka kidogo, akanusa, akaishusha. Akaniambia, kesho kitafunguka. Na kesho yake kikafunguka. Alikuwa anatusomea kama ratiba. Tulikaa tu tunamtazama."

Walijaribu kila dawa waliyokuwa nayo. Walikifungua kidonda, wakakisafisha, wakakisafisha tena. Dawa za baada zilikuja nyingi, chupa kwa chupa. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Jioni moja Sitini akamuuliza mume wake, wakiwa wawili tu, "Ile sindano. Walinirudia?"

Fundi alitafuta uongo akaukosa. Sitini akaupapasa mkono wake mara mbili, akasema, "Basi." Hawakuzungumza tena habari hiyo. Siku ya kumi na tisa baada ya upasuaji, asubuhi, akafariki.

Baada ya mazishi, daktari wa upasuaji alikwenda nyumbani kwa fundi. Hakutuma mtu, alikwenda mwenyewe. Alikiri kwamba sindano haikurudiwa. Fundi akamuuliza lile ambalo nyote mnajiuliza. Wangemrudia, angekuwa hai?

Daktari alisema hivi, na tulimwomba aturudilie tusije tukamzulia. "Sindano ya kabla inasaidia. Inasaidia sana, na kwa upasuaji wa utumbo sitaki ubishi na mtu. Lakini inapunguza hatari, haiimalizi. Nimeona waliochomwa kwa wakati wakaoza vidonda. Nimeona waliochelewa wakapona. Siwezi kukuambia angekuwa hai. Siwezi kukuambia asingekuwa. Ninachojua ni kwamba tulimnyima nafasi yake."

Fundi akamwuliza, "Sasa mimi jambo hili nilipeleke wapi, Daktari?"

Daktari alikunywa chai mpaka ikaisha, akakaa na kikombe kitupu mkononi, kisha akaaga.

Mwezi uliopita hospitali ilimwita tena fundi. Walitaka aandike kwenye ule mlango, chini ya maneno yake ya zamani, neno la mke wake: DAKIKA SITINI. Kwa kumuenzi. Fundi akaenda. Akasugua kwa msasa. Akaosha. Akaacha pakauke. Akapaka rangi ya msingi, kipande cheupe kilichonyooka, upana wa mkono mmoja. Akachanganya nyekundu. Akachovya brashi. Yule muuguzi kijana alisimama pembeni akimshikia kopo.

Brashi haikwenda. Alikaa muda mrefu mpaka ikaanza kukauka ncha.

"Mlango huu una maneno yangu tayari," alimwambia binti. "Niliyaandika mwenyewe, nikayatii mwenyewe. Na ile karatasi yenu iliandikwa vizuri, na vema ikawekwa. Kuandika hatukukosa, mwanangu. Tulikosa kuuliza."

Akafunika kopo, akaenda zake. Kile kipande cheupe bado kipo. Tumekiona. Kimeandaliwa barabara, na hakina kitu.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole fundi, mume wa marehemu. Pole kwa binti yake, kwa shemeji zake, na kwa mabinti wote wa thieta ambao sasa, tunaambiwa, huuliza kwa sauti hata mgonjwa akiwa mkubwa wao. Mwenyezi Mungu awape subira, na ampumzishe Sitini mahali pasipo saa.

Nawe unayetusikiliza, tafakari. Siku utakayomsindikiza mtu wako mpaka kwenye mlango kama ule, uliza. Uliza hata kama wewe ni mtu wa brashi na ndoo. Na kama uliwahi kusimama hapo mkono umeinuka, ukaushusha, hatuna la kukufundisha. Tunakaa nawe tu.

Fundi anaishi peke yake sasa. Ametuambia kwamba kila asubuhi, akishabeba ndoo zake, bado husimama kidogo mlangoni kwake kabla ya kutoka. Funguo anazo. Kofia anayo. Dawa ya presha ameshameza. Anasimama tu, anangoja aulizwe.

Saa ya hapa studio inasema saa moja kamili. Saa moja ya ukutani, wasikilizaji wapendwa. Saa moja ya jioni.